Muulize Muuguzi: "Mwanangu hana saratani, mbona apewe dawa ya saratani?"

SWALI: Dada muuguzi, shikamoo kama umenizidi. Mimi nina miaka 47, nauza vitumbua hapa Tanga. Mtoto wangu wa tatu, binti, ana miaka 23, alikuwa chuoni Dodoma mwaka wa pili. Mwaka jana alianza kulalamika viungo, asubuhi hawezi kufunga hata vifungo vya shati. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Mashavuni akatoka baka kama la jua, likavuka pua. Akapimwa malaria, akapimwa taifodi, akatibiwa vyote viwili mara tatu. Mwishowe akawa anaamka uso umevimba, jioni uvimbe uko miguuni. Hospitali ya rufaa wakasema ni lupasi na imeshika figo. Walimchoma sindano mgongoni wakatoa kipande cha figo, majibu yakaja daraja la 4. Sasa wanataka aanze dripu sita za saiklofosfamidi, moja kila wiki mbili. Aliyenipa karatasi akaniambia hiyo ni dawa ya saratani. Mwanangu hana saratani! Wifi yangu naye anasema kinga ya mtoto imeshuka, tukiishusha tena tutamzika kwa mafua. Ameshamnunulia unga wa kuongeza kinga, sasa ni kopo la pili. Vidonge vya prednisoloni mwenyewe ameviacha tangu Ijumaa kwa sababu vimemjaza uso na wenzake wanamcheka. Nimesikia Ulaya kuna sindano mpya zinazomaliza ugonjwa kabisa. Na je, nitapata mjukuu kwake? Nisaidie.
Mama Vitumbua, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Nimekuzidi, naikaribia 62, na zaidi ya miaka 20 kati ya hiyo nimeimaliza kwenye wodi ya figo nikitundika dripu hizo hizo zinazokunyima usingizi.

Kabla ya mengine yote, prednisoloni. Leo hii mrudishe hospitali, pakiti ya vidonge mkononi, umwambie daktari ni tangu siku gani hajameza. Usingoje tarehe ya kliniki. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza homoni ya jamii ya prednisoloni. Mtu akimeza vidonge hivyo kwa wiki nyingi, tezi inalala, maana kazi yake inafanywa na mwingine. Ukivikata ghafla mwili unabaki hauna cha kwake wala cha kumezwa. Mtu anaishiwa nguvu, anatapika, presha inaanguka, na anaweza kufa. Vidonge hivi hupunguzwa ngazi kwa ngazi, na anayepunguza ni daktari. Uso uliojaa utarudi kuwa wa kawaida dozi ikishuka. Mwambie binti kwamba nimewashika mkono mabinti wengi wakilia mbele ya kioo, na baada ya miezi nimewaona tena na sura zao.

Sasa kopo la wifi. Naomba liwekwe kando, na wifi asikasirike, kwa sababu amenunua kwa mapenzi. Maneno "kinga imeshuka" tuliyazoea miaka ya ukimwi, yakatukaa, na leo kila ugonjwa wa kinga tunausikia hivyo. Lupasi siyo hivyo. Kinga ya binti yako haijapungua. Ipo, ina nguvu, ila imepotea njia.

Chukulia sungusungu wa kijijini. Kazi yao ni kukamata wezi usiku. Siku moja karani wao anawaandikia orodha yenye majina ya wenye nyumba. Sungusungu hawakupungua, hawakulala, wanakwenda nyumba kwa nyumba na fimbo zao wakipiga wenyeji. Karani huyo mwilini ni chembe nyeupe za damu ziitwazo seli B. Zinaunda kingamwili, ambazo kawaida huwashika wadudu wa magonjwa. Kwenye lupasi zinaunda kingamwili dhidi ya vitu vya ndani ya seli zako mwenyewe, hata vinasaba. Ukimpa mtu wa namna hii unga wa "kuongeza kinga", kama kweli unaongeza, umewaongezea sungusungu fimbo. Madaktari wa lupasi huwakataza wagonjwa hata vidonge vya alfalfa, ambavyo wengi huviona ni majani tu.

Na kwa nini figo? Wewe unapika vitumbua, tui unalijua. Figo ni kifumbu. Ndani yake kuna vichujio vidogo sana, takriban milioni moja kila upande, vinavyopitisha maji na uchafu na kuzuia protini isitoke. Zile kingamwili zilizokosea zinajishika na vitu vinavyoelea kwenye damu, zinakuwa mabonge, mabonge yananasa kwenye kifumbu. Mwili ukiyaona unayashambulia hapo hapo, na nyuzi za kifumbu zinachanika. Protini inavuja kwenye mkojo, maji yanabaki mwilini, uso unavimba asubuhi na miguu jioni. Daraja la 4 maana yake zaidi ya nusu ya vichujio vilivyoonekana kwenye kile kipande vimewaka. Madaraja ni sita, na la 3, la 4 na la 5 ndiyo hasa yanayotibiwa kwa dawa nzito. Ukichelewa, kinachowaka kinageuka kovu, na kovu halina dawa.

Figo haiumi, mama. Hilo ndilo lililoniumiza mimi maisha yangu yote. Mwaka 1996 mdogo wangu wa mwisho alikuwa na miaka 24, anaumwa viungo, homa zinakuja na kuondoka, anatibiwa malaria. Usiku alikuwa hawezi kwenda choo cha nje, anatumia beseni la plastiki la kijani. Asubuhi nilikuwa namwaga mimi. Mkojo ulikuwa na povu kama la sabuni ya kufulia. Nikimimina maji juu yake linapasuka, halafu linarudi, linashika ukingo wa beseni. Nikadhani dada yetu mkubwa ameacha sabuni ndani. Nilikuwa muuguzi tayari, wodi ya wazazi, miaka sita kazini. Kipimo cha kijiti cha kuchovya kwenye mkojo kingetoa jibu kwa dakika moja, na hakuna aliyechovya, wala mimi. Alipofika kwa aliyejua lupasi figo zilikuwa zimekwisha. Kupandikiza figo hapa nchini hakukuwepo, Muhimbili ilianza Novemba 2017. Tulimzika kabla mwaka haujaisha. Baadaye niliomba kuhamia wodi ya figo.

Binti yako amefika mapema kuliko yeye. Kipande cha figo kimetolewa, daraja linajulikana, dawa imeandikwa. Tuiongelee sasa hiyo dawa.

Ni kweli saiklofosfamidi ni dawa ya saratani. Kazi yake ni kuua seli zinazogawanyika haraka. Seli za saratani zinagawanyika haraka, na zile seli za kinga zilizochachamaa nazo vivyo hivyo. Kwa hiyo dawa moja inabeba kazi mbili, kama kisu kinavyochinja kuku na kumenya muhogo. Tofauti iko kwenye kipimo. Dripu sita za wiki mbilimbili unazozitaja ni mpango uliojaribiwa Ulaya na kuchapishwa 2002: miligramu 500 kila dripu, jumla gramu 3 basi. Waliupambanisha na dozi kubwa ya zamani. Wagonjwa walifuatiliwa hadi miaka 10, figo za waliopewa dozi ndogo zikawa salama sawa na za waliopewa kubwa. Muulize daktari, "Ni miligramu 500, mara sita?" Akikwambia ndiyo, basi jibu la mjukuu ni la matumaini. Dozi kubwa za zamani ndizo zilizokuwa zikifunga vizazi, hasa kwa wanawake waliokwishavuka miaka 30. Gramu 3 kwa binti wa miaka 23 ni hatari ndogo sana. Ila wakati wa matibabu asishike mimba, kwa sababu dawa hii inaharibu mtoto tumboni.

Siku ya dripu ale kidogo, kichefuchefu kipo na dawa yake ipo. Akojoe mara kwa mara, dawa isikae kwenye kibofu. Maji anywe kadiri daktari wa figo anavyoruhusu, maana mwenye uvimbe hapewi ruhusa ya bure. Na hili liandike ukutani: kati ya siku ya 8 na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe hushuka. Homa yoyote siku hizo ni safari ya hospitali siku ileile, hata kama ni usiku. Wifi hakukosea kabisa kuogopa, maambukizi ni hatari ya kweli ya dawa hizi. Tunayazuia kwa macho na kipimajoto, siyo kwa unga.

Njia nyingine ni vidonge vya mikofenoleti, gramu 2 hadi 3 kwa siku, navyo vinafanya kazi vizuri kama dripu. Tatizo ni mfuko na nidhamu: kila siku, mara mbili, miezi na miezi. Dripu mtu anachomwa mbele ya macho yetu, tuna hakika imeingia. Kwa binti anayeacha vidonge kwa sababu ya kioo, nisingemlaumu daktari aliyechagua dripu.

Dripu sita zikiisha hajapona. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Uvimbe umeshuka, mtoto anang'aa, ndugu wanasema amepona, dawa zinaachwa. Baada ya zile dripu kuna dawa ya kulinda, mikofenoleti au azathioprini, kwa miaka mitatu au zaidi. Na haidroksiklorokwini ni ya muda wote, isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na macho yapimwe mwanzoni na baadaye kila mwaka. Usishtuke ukiona inafanana jina na klorokwini tuliyokuwa tukiwashwa nayo mwili mzima hadi ilipoachwa kwa malaria mwaka 2001. Ni ndugu yake, na kwenye lupasi ndiyo dawa ninayoiheshimu kuliko zote: inapunguza ugonjwa kurudi na inalinda figo. Usimnunulie diklofenaki ya viungo dukani, inaziumiza figo zilizokwisha kuumia. Na septrini ina salfa, ambayo kwa wenye lupasi mara nyingi inaleta mzio au kuamsha ugonjwa. Asiimeze bila daktari wake kujua.

Sindano mpya. Zipo, na nitakwambia ninavyozijua bila kukupaka mafuta.

Rituksimabu nimeitundika kwa mikono yangu. Ni kingamwili iliyotengenezwa maabara inayokwenda kushika alama moja juu ya seli B na kuziondoa. Yaani inamwendea karani mwenyewe. Hutolewa gramu 1, halafu gramu 1 nyingine baada ya wiki mbili. Nakumbuka binti mmoja, saa 3 asubuhi tulimpa paracetamoli, dawa ya mzio na dawa ya mshipa ya jamii ya prednisoloni, tukasubiri nusu saa, tukaanza taratibu, miligramu 50 kwa saa. Kila nusu saa tunaongeza 50, kila tukiongeza napima presha na joto. Ilipofika 150 akajikuna shingo akaniambia, "Dada, koo linawasha ndani." Nikafunga dripu, nikamwita daktari, tukamwongezea dawa ya mzio. Baada ya dakika 40 tukaanza tena kwa nusu ya mwendo. Nilivuta kiti nikakaa naye. Saa 10 jioni alimaliza, anakula ndizi. Ndiyo maana dawa hii haitundikwi mahali ambapo muuguzi mmoja anahudumia wodi nzima.

Je, inashinda dawa za kawaida? Jaribio kubwa la wagonjwa 144 wa figo za lupasi lililochapishwa 2012 halikuweza kuonyesha kwamba kuiongeza juu ya dawa za kawaida kunasaidia zaidi. Hata hivyo madaktari wanaitumia pale dawa nyingine zinaposhindwa, na nimewaona wagonjwa waliosimama kwa sababu yake. Kabla yake lazima apimwe homa ya ini aina ya B. Virusi hivyo hulala ndani ya mtu bila dalili, na rituksimabu ikiondoa seli B virusi vinaamka na ini linaweza kufa. Huku kwetu ambako homa hiyo ni nyingi, usikubali dripu bila kuona jibu la kipimo hicho. Kifua kikuu na VVU navyo vipimwe.

Belimumabu inazuia protini inayozipa seli B uhai. Marekani iliidhinisha kwa lupasi mwaka 2011 na kwa figo Desemba 2020. Kwenye jaribio la figo, baada ya miaka miwili, kati ya kila 100 waliopewa pamoja na dawa za kawaida 43 walifikia lengo la figo kutulia, na kati ya 100 waliopewa za kawaida peke yake ni 32. Obinutuzumabu, binamu wa rituksimabu, matokeo yake yalitoka 2025: 46 dhidi ya 33. Nataka uzione hizo namba, mama. Kuna faida ya kweli, na bado zaidi ya nusu hawakufika kwenye lengo. Na wote wale walikuwa wanatumia dawa za kawaida, za aina ya hizo alizoandikiwa binti yako. Sindano mpya hupandwa juu ya msingi huo. Anifrolumabu ya 2021 inasaidia zaidi ngozi na viungo, ila inazidisha mkanda wa jeshi.

Hiyo ya "kumaliza kabisa" uliyoisikia nadhani ni ya Erlangen, Ujerumani. Mwaka 2021 madaktari huko wakiwa na Georg Schett walichukua chembe nyeupe aina ya T za binti wa miaka 20 aliyekuwa na lupasi ya figo, wakazipandikizia maabara jeni ya kuitambua seli B, wakamrudishia. Seli B zake zote zikafutwa. Miezi kadhaa baadaye zikazaliwa upya, changa, bila ile orodha mbaya. Mwaka 2024 walieleza wagonjwa 15, wanane wakiwa wa lupasi, waliofuatiliwa kati ya miezi 4 na 29. Wote wanane walitulia bila dawa. Niliposoma nililia, nikimfikiria mdogo wangu. Lakini kwa lupasi bado ni majaribio, inahitaji maabara na vyumba vya uangalizi ambavyo ni vichache duniani, na wanaopokelewa ni wachache waliochaguliwa. Usiuze shamba. Figo ya daraja la 4 haina miezi ya kusubiri, na dripu ya miligramu 500 ipo wiki hii.

SWALI: Niko Muscat, naendesha gari la kampuni. Mke wangu yuko Unguja, ana lupasi, alipewa rituksimabu miezi mitatu iliyopita. Nataka aje. Wakala wa safari anasema lazima achanjwe homa ya manjano. Kuna ubaya?
Msafiri

JIBU: Upo, ndugu yangu, mkubwa. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na mwili usio na seli B unaweza kushindwa hata na hivyo. Asichanjwe. Daktari wake aandike barua ya kueleza kwamba hawezi kuchanjwa kwa sababu za afya, ipigwe muhuri. Kuikubali ni uamuzi wa nchi anayokwenda, kwa hiyo ulizeni ubalozi kabla ya kukata tiketi. Chanjo zisizo hai, kama ya nimonia na ya mafua, anaweza kupata, ila kwa sasa hazitashika vizuri; mwulizeni daktari ni mwezi gani.

SWALI: Mimi ni mwalimu, Mwanza, miaka 31. Lupasi ya figo miaka sita, mkojo wangu umekuwa safi mwaka mzima. Natumia mikofenoleti, haidroksiklorokwini na enalaprili. Tunataka mtoto.
Mwalimu

JIBU: Hongera kwa huo mwaka, najua ulivyoupata. Tunataka ugonjwa utulie angalau miezi sita kabla ya mimba, nawe umevuka. Ila usiache kupanga uzazi bado. Mikofenoleti inaharibu mtoto, lazima ibadilishwe, mara nyingi kwa azathioprini, angalau wiki sita kabla ya kuanza kujaribu, na mimi ningesubiri zaidi ili tuone figo zinaikubali. Enalaprili, ile dawa ya presha, nayo haifai tumboni, zungumza na daktari ni lini uiache. Haidroksiklorokwini usiiache hata siku moja. Aspirini ndogo huongezwa karibu na wiki ya 12 kuzuia kifafa cha mimba.

Omba kipimo cha kingamwili ziitwazo Ro, aina mojawapo ya zile zilizokosea njia. Zikiwepo, zinaweza kupita kondo na kuugusa mfumo wa umeme wa moyo wa mtoto, hivyo moyo wake usikilizwe kwa ultrasaundi kuanzia wiki ya 16 hadi ya 26. Kliniki ya wajawazito watataka kukupa SP ya kuzuia malaria, na SP ina salfa. Usimeze kabla daktari wako wa lupasi hajasema. Lala ndani ya chandarua. Siku utakayopewa kadi ya kliniki, mwombe muuguzi aandike kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa mbele: "Ana lupasi. Mpigieni daktari wake kabla ya dawa yoyote ya salfa." Na namba ya simu chini yake.